Mikono ya Watu Wawili

Ijumaa, tarehe nane Julai mwaka wa 1955, saa nane na robo mchana, paa la gari la Bwana Pelham lilisimama nusu njia katikati ya uwanja wa maonyesho ya kilimo pale Nakuru. Lilikataa kwenda mbele na likakataa kurudi nyuma. Ndani ya gari alikuwamo mgeni mkubwa wa serikali pamoja na mkewe. Mvua iliyoshuka kutoka upande wa Menengai haikuuliza nani mgeni na nani mwenyeji. Iliwalowesha wote wawili, kofia ya manyoya ya bibi yule ikalala kama kuku aliyechovywa maji ya moto, na kabla mvua haijashika kasi, mtu wa kubebeshwa lawama alikuwa amekwisha kupatikana. Mtu huyo alikuwa Micah Nderitu, fundi wa gari lile.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Maana yake ni kwamba hata mtu akiwa duni, hata akiwa mikononi mwenu mkaweza kumfanya mpendavyo, kilicho chake msimnyime. Methali hii ina nusu mbili. Wenye vyeo waliishika ile ya kwanza barabara, wakafunga kitabu. Hadithi hii inahusu ile ya pili.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, refu kama behewa, rangi ya samli, na viti vyake vilikuwa vya ngozi nyeupe pe. Paa lake lilikuwa la turubai nyeusi, tena lilijifunua na kujifunika lenyewe. Ukivuta swichi iliyokuwa chini ya usukani, pampu ndogo iliyofichwa nyuma ya kiti ilinguruma na kusukuma mafuta kupitia mipira myembamba hadi kwenye silinda mbili, moja kila ubavu. Silinda zikatoa mikono yake ya chuma, na paa likanyanyuka polepole kama korongo anayejiandaa kuruka. Pale shambani kwa Bwana Pelham, Molo, watu waliacha majembe wakaja kutazama.

"Hilo ni gari la mtu mvivu," alisema Kipkoech, dereva wa lori la maziwa. "Hata kofia havai mwenyewe."

Lakini pampu bila mafuta ni sawa na kinywa bila maji. Mwaka wa 1953 tangi lake lilikauka, paa likafa, na hakuna aliyejali, maana Bwana Pelham alipenda kuendesha kichwa wazi.

Mwezi wa Mei mwaka huo, Rahab mke wa Micah alishikwa na kichomi. Baridi ya Molo huingia mfupani kama deni la ukoo, na kufikia siku ya tatu mama yule alikuwa akipumua kwa mlio wa mlango mbovu. Saa kumi alasiri Micah, ambaye wakati huo alikuwa mtia grisi wa matrekta tu, alikwenda kumwomba meneja, Bwana Stroud, gari la kumpeleka mgonjwa hospitali ya Nakuru. Bwana Pelham mwenyewe alikuwa safarini. Stroud alisimama barazani na kikombe chake cha chai.

"Gari hapana weza," alisema. "Paa mbovu, hapana funga. Mvua nanyesha. Viti nyeupe taharibika. Ngoja lori ya maziwa kesho."

Micah alimlaza mkewe juu ya magunia ya viazi kando ya nyumba ya maziwa, karibu na lori, ili asubuhi wasipoteze hata dakika moja. Kipkoech alipokuja kuwasha injini alfajiri, Rahab alikuwa hahitaji tena lori wala gari. Walimzika pembeni mwa shamba, penye miti ya miwati, na Micah akapewa siku moja ya mapumziko.

Wiki tatu baadaye Micah aliomba ruhusa ya kulitengeneza lile paa. Watu walimcheka kando. Wengine walisema majonzi yamemgeuza kipenzi cha wazungu. Yeye alijibu, "Hakuna mtu mwingine atakayeambiwa paa halifungi."

Alisoma hadi darasa la pili, basi. Kwa hiyo alilifungua paa kipande kwa kipande, na kila kipande alichokitoa alikichora kwa mkaa kwenye ukuta wa gereji, ili ajue njia ya kurudi. Aligundua kwamba pampu ile hunywa mafuta ya breki peke yake. Mafuta mengine yoyote huivimbisha mipira ya ndani hadi ipasuke. Akachukua msumari, akakwaruza juu ya kifuniko cha tangi: MAFUTA YA BREKI TU. Siku hiyohiyo aligundua jambo la pili kuhusu paa lile. Hilo hakuliandika popote. Aliketi chini sakafuni, akabaki hapo hadi Kipkoech alipokuja kumwita kula, naye akasema hana njaa.

Kwa miaka miwili paa lilipanda na kushuka bila kukwama, na Micah akawa fundi wa gari. Mwezi wa Juni 1955 Stroud alimtuma Elburgon kwa majuma mawili, akasimamie upasuaji wa mbao za zizi jipya. Aliporudi Jumatano, siku mbili kabla ya maonyesho, alivuta swichi akasikia pampu ikiguna kama ng'ombe mwenye tumbo lililojaa hewa. Paa lilipanda kwa kusitasita. Alifungua kifuniko, akachovya kidole, akanusa. Yalikuwa mafuta ya mashine ya kutenganisha krimu.

"Bwana," alimwambia Stroud, "mtu ametia mafuta ya nyumba ya maziwa humu. Mipira imeanza kuvimba. Gari lisitoke paa wazi hadi niyamwage na kubadilisha mipira."

"Mafuta ni mafuta," Stroud alijibu. "Wewe fundi ya kijijini, si injinia. Ijumaa mgeni takaa gari wazi, watu naona yeye."

Basi Ijumaa ikafika, gari likazunguka uwanjani, mgeni akapunga mkono, mvua ikaja. Bwana Pelham, aliyekuwa kwenye usukani, alivuta swichi. Paa likainuka nusu, kikasikika kishindo kidogo nyuma ya kiti, mafuta yakachirizika juu ya ngozi nyeupe, na kazi ikaishia hapo.

Stroud alikuja mbio kutoka kwenye banda la ng'ombe wa shamba. Micah alikuwa amesimama kando ya kamba pamoja na Kipkoech. Meneja alimnyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Hujuma! Huyu ndiyo nafanya."

Neno hilo lilikuwa zito siku hizo. Serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari, Wakikuyu kama Micah walikuwa wakipakiwa kwenye malori na kuondolewa mashambani, na ushahidi wa meneja mmoja ulitosha. Micah hakuogopa lori. Jela pia hakuiogopa sana. Aliogopa kitu kimoja: akiondolewa Molo, kaburi la Rahab lingebaki bila mtu, ng'ombe wa mwenye shamba wangelikanyaga hadi lisawazike, na mwaka mmoja baadaye pangepandwa viazi.

Askari wawili walimsogelea. Micah hakurudi nyuma.

"Bwana," alisema kwa sauti ya kawaida, "nikamatwe kwanza au nifunge paa kwanza? Maana huyu mama analowa."

Bwana Pelham alifungua kinywa, mvua ikaingia. "Funga," alisema.

Micah alitoa koleo mfukoni. Akainama ubavu wa kushoto, mahali mkono wa silinda uliposhikana na mbavu za paa, akachomoa pini moja. Akazunguka kulia, akachomoa ya pili.

"Kipkoech, shika upande huo. Usivute. Inua tu."

"Likiniangukia, mzee, utaliendesha lori wewe," Kipkoech alisema, akashika.

Wakainua. Paa likaja juu kwa wepesi, kama shuka kitandani, likashuka hadi juu ya kioo cha mbele, na Micah akafunga komeo mbili. Kazi yote haikuchukua muda wa kuvuta nusu ya sigara. Bibi mgeni alisema asante kutoka ndani, kwa Kiswahili. Watu nyuma ya kamba wakapiga makofi, kisha wakakumbuka askari, wakaacha.

Wageni walipoondoka kwa gari jingine, Micah alipelekwa kwenye banda la ng'ombe, Bwana Pelham na Kipkoech wakafuata. Stroud aliandika karatasi juu ya pipa lililopinduliwa, askari mmoja akashika kisahani cha wino.

"Tia dole hapa."

"Karatasi inasema nini?"

"Nasema wewe naharibu gari kusudi."

"Basi tia dole lako, Bwana. Langu halijafanya kazi hiyo."

Askari alitazama kando ili ajizuie kucheka. Stroud aligonga pipa. "Mimi tapeleka wewe leo!"

"Nipeleke. Lakini dole nitakwenda nalo."

Ndipo Jepkosgei alipoinuka. Alikuwa mama wa makamo, mwendeshaji wa mashine ya krimu pale shambani, na alikuwa ameketi kando ya ng'ombe wa maonyesho na ndoo yake. Hakuna aliyemwuliza kitu, na hakungoja kuulizwa.

"Bwana Pelham, mimi nina shida yangu. Mashine yangu ya krimu inalia kama mbuzi anayechinjwa. Haina mafuta. Bwana meneja alikuja Jumatatu ile fundi alipokwenda Elburgon, akachukua kopo zima. Nikamwambia, Bwana, hayo ni ya maziwa. Akaniambia mafuta ni mafuta. Sasa leo nasikia yako kwenye gari. Naomba yarudishwe."

"Nyamaza wewe," alisema Stroud, lakini uso wake ulikwisha kuwa mwekundu kama nyanya ya Subukia.

Bwana Pelham alitoka bandani. Alikwenda kwenye gari, akaegemea nyuma ya kiti, akarudi na kifuniko cha tangi mkononi. Alikinusa. Akakiinamisha penye mwanga, akasoma polepole maneno yaliyokwaruzwa kwa msumari.

"Nani naandika hii?"

"Mimi," alisema Micah. "Niliacha shule darasa la pili. Nilidhani aliyesoma zaidi yangu ataweza kuyasoma."

Kisha akamwonyesha kipande cha mpira uliopasuka, alichokuwa amekiokota nyuma ya kiti walipokuwa wakifunga paa. Kilikuwa kimevimba na kulainika kama ulimi wa ng'ombe mgonjwa. Alieleza kwamba mpira hauvimbi hivyo kwa siku mbili, na kwa majuma mawili yeye alikuwa Elburgon akila vumbi la mbao.

Bwana Pelham aliichukua ile karatasi juu ya pipa, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwake. "Meneja kosa," alisema bila kumtazama mtu. "Wewe hapana kosa. Rudi kazi." Akawaambia askari waende.

Kipkoech alimvuta Micah mkono, akamnong'oneza, "Chukua hiyo haki twende, mzee, kabla haijapoa."

Micah hakuondoka. Aliziweka zile pini mbili juu ya pipa, mahali ilipokuwa karatasi. Zilikuwa ndogo, kila moja urefu wa kidole cha mtoto.

"Haki ya gari nimepewa, asante," alisema. "Bado moja. Pini hizi, Bwana, nilizijua mwaka wa 1953, majuma matatu baada ya kumzika mke wangu. Siku hiyo niliketi sakafuni kwa sababu niliona kwamba paa hili halihitaji pampu. Halihitaji mafuta. Linahitaji kuchomoa pini mbili, na watu wawili. Siku ile Rahab alipokuwa mgonjwa niliambiwa halifungi, mvua itaharibu viti. Pale barazani tulikuwa wangapi? Mimi nilikuwa na mikono miwili. Bwana Stroud alikuwa na miwili, mmoja umeshika chai."

Mvua ilipiga bati la banda. Bwana Pelham alimgeukia meneja wake, na kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba habari ile hakuwahi kuisikia.

"Mimi hapana jua pini," alisema Stroud.

"Najua hukujua. Hata mimi sikujua. Silaumu kutojua." Micah aliegemeza kiganja chake juu ya pipa, karibu na zile pini. "Nauliza hivi: ulikwenda hadi kwenye gereji, ukalishika lile paa, ukajaribu kuliinua, ndipo ukaniambia haliwezekani? Au uliliangalia kutoka barazani?"

Stroud alitazama ng'ombe. Bwana Pelham alitazama kifuniko. Jepkosgei aliweka ndoo chini ili isitoe kelele. Micah alisimama palepale, wala hakuinamisha macho, kisha akachukua pini zake, akaenda kulikausha gari.

Gari lile liliuzwa, na meneja akahamia shamba jingine upande wa Ndabibi. Micah alibaki Molo, na kila Mei alipalilia majani penye miwati. Kila alipokutana na mkubwa yeyote wa shamba lile, mpya au wa zamani, alimwuliza swali lilelile, kwa adabu ileile, na kila mmoja alikumbuka ana haraka. Methali haikusema mnyonge apewe nusu. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni; haya, na ile ya Rahab, nani anayo?