Zile Nzito Zilizotangulia

Wapendwa, leo nitawapeleka chini ya ardhi. Msishtuke, sisemi kaburini. Huko tutafika, lakini si sasa hivi.

Palikuwa na dada mmoja msomi, mzaliwa wa milima kama hii yetu, aliyefanya kazi ndani ya handaki refu huko Ulaya. Kwao walikuwa wawili tu, yeye na kaka yake. Wazazi walipofariki, kaka aliacha shule, akapata baiskeli kuukuu, akawa anasukuma mikungu ya ndizi kuipandisha mlimani hadi sokoni. Mnawajua watu hao. Mnawapita barabarani mkiwapigia honi, na mtu ameinama nyuma ya mzigo hata uso wake huuoni. Ndizi hizo ndizo zilizomsomesha dada, tangu sare ya kwanza mpaka siku aliyopanda ndege.

Jumapili moja kaka akampigia simu. Wakasalimiana, wakataniana kidogo, kisha kaka akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza miaka yote: huko chini mnafanya nini hasa?

Dada akafurahi, akamweleza. Mwalimu wetu wa fizikia amekaa pale mbele, nikikosea atanisamehe. Ni kwamba kuna chembe ndogo mno zisizoonekana. Nyingine ni nyepesi, zinaitwa elektroni. Nyingine ni nzito, karibu mara elfu mbili ya hizo, zinaitwa protoni. Wenzetu wanataka zile nyepesi zipate nguvu kubwa katika safari fupi. Basi wanatanguliza kundi la zile nzito, wanalipitisha kwa kasi ndani ya plazma, yaani mvuke ambao chembe zake zimeachanishwa. Zikipita zinautibua, na nyuma yake linabaki wimbi, kama meli inavyoacha mawimbi ziwani. Hapo ndipo zile nyepesi zinapoingizwa. Zinalidandia wimbi, nalo linazibeba. Dada akasema siku zile nyepesi zilipofika mwisho wa safari na kuonekana kwenye kipimo, watu wazima walikumbatiana wakalia.

Kaka akauliza, "Na zile nzito zilizotangulia, zinaishia wapi?"

"Kuna ukuta mnene mwisho wa handaki, kaka. Zinagonga hapo, basi."

"Hakuna anayezitazama?"

"Kazi yake imeshakwisha. Sisi tunatazama zinazobebwa."

"Sawa, mdogo wangu. Nimeelewa." Akakohoa, akakohoa tena, akamtakia kazi njema, akakata simu.

Niwaulize, wapendwa. Mtu asiyepiga simu bila sababu, siku akipiga, kweli anatafuta habari za protoni? Dada alikuwa na akili za kupima kitu kisichoonekana, na kikohozi kile alikisikia kwa masikio yake. Hakukiuliza. Wenzake walikuwa wanamsubiri kazini.

Simu iliyofuata ilitoka kwa wifi yake. Dada alipofika nyumbani, kaburi lilikuwa limeshafukiwa, kule migombani nyuma ya nyumba, na baiskeli imeegemezwa ukutani. Akalia sana, akamuuliza wifi kwa nini walimficha ugonjwa wa kaka yake.

Wifi akamjibu taratibu, "Siku ile alipiga ili akwambie. Alikuwa ameshaambiwa hospitali kwamba haponi. Alipokata simu nikamuuliza, umemwambia? Akasema hapana, tusimsumbue, yuko vizuri. Halafu akacheka. Akasema, 'Leo nimeijua kazi ya mdogo wangu. Kumbe mimi ndiye zile nzito.' Alifurahi, wifi. Alizunguka kwa majirani akiwaeleza."

Alifurahi! Heri angelaumu. Ukilaumiwa unaweza kujitetea, lakini furaha ile dada angeijibu nini? Akakaa chini kwenye udongo mbichi na usomi wake wote.

Na sisi je? Tumekaa hapa na mashati yaliyopigwa pasi, kila mmoja amebebwa na wimbi ambalo hakulitibua yeye. Tunasimama kutoa ushuhuda, tunasema Mungu ameniinua. Amekuinua, amina. Alimtanguliza nani mbele yako? Ni mama aliyelala njaa akikwambia ameshiba? Ni dada aliyeacha shule ili wewe usome? Wahenga walisema mtegemea nundu haachi kunona. Tumenona, wapendwa. Nani kati yetu amemtazama ng'ombe mwenye nundu hiyo?

Chembe hazina moyo. Zikigonga ukuta hazilii, na anayezisahau hatendi dhambi. Watu si chembe. Hata Bwana wetu, aliyetutangulia sote, alituachia mkate na kikombe kwa sababu alijua tunavyosahau.

Leo sitamaliza mahubiri. Ambaye wa kwake hapatikani tena kwa simu, aje hapa mbele tuombe pamoja. Ninyi wengine tokeni nje. Yule ambaye kila akipiga unamwambia utampigia baadaye, mpigie sasa. Na akikohoa, muulize.