Digidigi na Mzizi wa Mwisho

Paukwa, wadogo kwa wakubwa!

Pakawa, tupe tusikie!

Hapo kale, nyika ilipokuwa haina mwenyewe, aliishi Bi Digidigi na mumewe. Walilala pamoja, wakaamka pamoja. Mmoja akila, mwenzake huangaza macho. Mmoja akipiga chafya, mwenzake hugeuka.

Siku moja mume akachomwa na mwiba. Jeraha likavimba, likatunga usaha. Mwili ukawaka moto, naye akatetemeka, tete tete tete.

Bi Digidigi akaenda mbio kwa Nungunungu, mganga wa nyika. Nungunungu akatoa majani, homa haikushuka. Akatoa magome, haikushuka. Ukabaki mzizi mmoja mchungu. Huo, kwa desturi, hauguswi mpaka dawa zote zishindwe.

Mume akanywa siku ya kwanza. Akanywa ya pili. Akanywa ya tatu. Jeraha likazidi kunuka.

"Mganga, mzizi huu ulimponya mama yangu," Bi Digidigi akasema. "Leo una nini?"

"Mzizi ni ule ule, mwanangu. Vijidudu ndio si wale."

Akamweleza polepole. Ngiri aliuchimba mzizi huo bila mganga kujua, akawachanganyia chakulani wanawe wasiougua, ili wanenepe. Tumbili aliunywa kwa mafua. Vijidudu wanyonge wakafa, fyu! Wakabaki wachache walioweza kuuhimili. Hao wakazaana, wakajaa. Tena ujuzi wao wa kuushinda mzizi hawakuufanyia choyo: waliumega, wakawapa hata vijidudu wa ukoo mwingine, kila walipokutana matumboni na kwenye matope ya mto. Ndivyo ujuzi huo ulivyofika mpaka kwenye jeraha la mumewe.

Bi Digidigi akainama. Akakumbuka masika yaliyopita, alipoomba kipande cha mzizi huo kwa Ngiri kwa ajili ya kikohozi. Ngiri alimwambia anywe siku saba. Alikunywa siku mbili, akapata nafuu, kilichosalia akakitupa mtoni.

"Na mimi nimo," akasema.

Nungunungu hakumkatalia.

Akarudi kwa mumewe, akamwambia yote, hakuficha neno. Mume akamsikiliza hadi mwisho.

"Sogea," akamwambia. "Nasikia baridi."

Akasogea, akamlalia ubavuni. Jua lilipofika utosini, mume akakata roho.

Bi Digidigi akapita kwa kila mnyama, akisimulia kosa lake kabla ya kutaja la mwingine. Ngiri akaona haya, akaacha. Tumbili akaacha. Nungunungu akaenda kuchimba milima ya mbali, akitafuta mzizi mwingine. Hajaupata.

Mvua zikaja, majani mororo yakachipua. Bi Digidigi akala upande mmoja wa kichaka. Upande wa pili akauacha. Kila jani lilipochakarika, chaka chaka, akainua kichwa, akasubiri. Ulikuwa upepo. Akainama, akala kidogo, akainua kichwa tena.

Basi wenzangu, dawa ya mwisho haichezewi. Usiinywe bila ugonjwa wake, na ukianza kuinywa, imalize. Ukiiharibu leo, kesho atakayeikosa ni umpendaye.

Ngano yangu imekomea hapo; mwenye sikio amesikia.