Mbweha Aliyeitwa Mtani

Nikiita "Kale!" nyinyi itikieni "Tupeleke!" Haya. Kale!

Tupeleke!

Sijasikia. Mnaitika kama watu waliokunywa uji wa juzi. Kale!

Tupeleke!

Hapo sawa. Basi zamani, zamani ile ambayo zamani yenyewe ilikuwa bado mtoto, kulikuwa na kijiji kikiitwa Mhandu. Msiniulize kiko wapi, mimi sikuwahi kufika. Kilikuwa upande wa nchi kavu, penye vichaka vya miiba na udongo mwekundu. Watu wake walilima mtama, wakafuga mbuzi na kuku, na midomo walikuwa nayo.

Na mbweha walikuwepo. Mbweha mnamjua? Amefanana na mbwa, ila mbwa ukimwita jina anaona haya kidogo. Mbweha haoni haya. Mbweha wa Mhandu walikuwa wezi wa kawaida tu. Wakija, watu wanapiga kelele, mbwa wanabweka, mawe yanaruka, mbweha wanakimbia. Leo kapata kuku, kesho kakosa. Mambo yakaenda hivyo mpaka siku ya matanga ya marehemu Chibago.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Wewe Nhonya, nimekupa karanga umenye, sijakupa ule. Utani mnaujua? Sisemi huu wenu wa kuvutana nywele. Utani wa zamani ulikuwa jambo kubwa. Mtani wako anaingia kwako mchana kweupe, anakutukana mbele ya wakwe zako, anabeba kuku wako, anaondoka, na wewe unacheka. Ukinuna, aibu ni yako. Lakini siku ukifiwa, mtani huyo huyo ndiye anayefika wa kwanza. Anachimba kaburi, anateka maji, anafagia, anapika, na huku anawachekesha wenye msiba. Kuchukua anachukua, na kubeba anabeba.

Na huko Mhandu, neno la utani lilitamkwa kwenye matanga, mbele ya wazee. Ukishalitamka, kulifuta ni kwenye matanga mengine, na ulifute wewe mwenyewe uliyelitamka. Desturi hiyo waliiogopa kuliko simba, maana waliamini anayeivunja anafunga mvua. Na mvua yenyewe ilikuwa ya kubembeleza.

Basi siku ya matanga ya Chibago watu wamekaa, pombe ya mtama inazunguka, nyama imetandazwa juu ya majani. Mara mbweha huyo! Katokea kichakani, kapita katikati ya watu kama mwenye shughuli, kachukua paja la mbuzi. Vijana wakainuka na fimbo.

Mkuu wa kijiji aliitwa Ndahani. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti, tena mwenye ugonjwa wa kupenda kuchekwa vizuri. Akanyoosha mkono. "Mwacheni! Kaja msibani, kachukua nyama mbele ya macho yetu, hata hodi hakupiga. Mnamjua nani mwingine wa tabia hiyo? Huyo si mwizi, huyo ni mtani!"

Watu wakacheka. Mzee Masinga, aliyekuwa mkongwe kuliko wote, alianguka kutoka kwenye kigoda chake. Ndahani alipoona mtu kaanguka kwa kicheko, akili ikamruka. Akasimama, akatoa kifua: "Mimi Ndahani, mbele ya wazee, natamka: kuanzia leo mbweha ni mtani wa Mhandu!"

Asubuhi wazee wakamwendea, pombe imeshawatoka. "Mzee Ndahani, jana ulitamka."

"Nilikuwa nachekesha."

"Utani wote ni kuchekesha. Ulitamka."

Hapo, wajukuu zangu, mtu mwenye akili angesema, nimekosa, jamani, tusubiri matanga yajayo nifute. Mdomo ungemuuma siku moja ukapona. Lakini Ndahani? Akavuta ugoro, akasema, "Basi nimetamka. Na nilijua nilichosema." Mwongo mkubwa.

Toka siku hiyo, hakuna wa kumpiga mbweha wala kumrushia jiwe. Mbwa walifungwa kamba wasije wakamkosea mtani heshima. Jogoo wa Mama Semwali akabebwa. Akaenda kwa mkuu, "Mzee, jogoo wangu!" Mkuu akasema, "Mtani huyo, mwacheni ale." Bata wa kina Makali wakabebwa, mama na watoto wake. "Mzee, bata wetu!" "Mtani huyo, mwacheni ale." Mbuzi mchanga wa jirani akabebwa. "Mzee!" Nyinyi semeni, alijibu nini?

Mtani huyo, mwacheni ale!

Eeh. Mnajua kuliko yeye.

Kwa kuwa fimbo imekatazwa, watu walibaki na ruhusa moja tu, ya kumtania. Basi ungewaona! Mbweha kakaa uani anamla kuku, na Mama Semwali kasimama mbele yake, mikono kiunoni, anatania huku machozi yanamtoka. "Wewe mwenye mkia wa ufagio uliochakaa! Wewe mwenye pua inayonuka hata kwenu wakaihama! Mama yako alikuzaa akakutazama akaomba radhi!" Mbweha anasikiliza. Anatafuna. Akimaliza anajilamba, anaondoka, kesho anarudi na shemeji yake.

Na Ndahani mwenyewe je, aliliwa? Ehe! Hilo ndilo linaloniudhi mimi bibi yenu. Mbuzi wake walichungwa na wanawe watatu, vijana wenye vifua, na zizi lake lilikuwa limefungwa kwa magogo. Mbweha alipita kwake akatazama, akaenda kwa wasio na magogo.

Sasa palikuwa na mjane jina lake Mbeleje. Mumewe alikufa, mtoto hakubahatika kupata. Alikuwa na shamba dogo na mbuzi watano. Maziwa yao ndiyo mboga yake, ndiyo mtama wake mwaka ukiwa mbaya. Bila mbuzi hao angelazimika kwenda kukaa kwa kaka yake, kijiji cha pili. Kaka hakuwa na neno, lakini wifi! Wifi yule alikuwa akikutazama mkono kila unapochovya tonge, na chumvi aliificha chini ya godoro la ngozi. Mbeleje aliwahi kukaa kule siku tisa, akarudi nguo zinamdondoka. Alisema afadhali alale njaa kwake kuliko kushiba kwa kutazamwa.

Mbuzi wa kwanza akaenda. Wa pili akaenda. Wa tatu, wa nne. Akabaki mmoja, Madoa, tena mwenye mimba. Mbeleje akamfuata Ndahani.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama. Umekuja na kilio tena?"

"Nimekuja na ombi. Futa neno lako. Nimebakiwa na Madoa peke yake."

"Neno linafutwa kwenye matanga, mama. Matanga yako wapi? Ngoja mtu afe."

"Nani?"

"Sasa mimi nitajuaje? Mimi ni Mungu?"

Na mwaka huo, wanangu, hakuna aliyekufa. Afya tupu! Hata Mzee Masinga, ambaye kila masika alikuwa akiwaaga watu, safari hii alinenepa. Watu wakawa wanampitia kila asubuhi. "Mzee, umeamkaje?" "Nimeamka vizuri sana." "Hata kifua?" "Kifua safi." "Aa. Haya." Wanaondoka vichwa chini. Mzee wa watu akafurahi, akasema kijiji hiki kinanipenda.

Mbeleje akakaa akafikiri siku mbili. Siku ya tatu, jua likiwa juu, akajipaka majivu, akatandika mkeka uani, akaziweka mbele yake kamba nne za mbuzi wake wanne, akaangua kilio. Si kilio cha kuomba chumvi. Kilio cha msiba. Watu wakatoka mbio mashambani. Walipopita kwa Masinga walimkuta mlangoni anasema, "Si mimi! Si mimi!"

Ndahani naye akaja, maana mkuu hakosi kwenye msiba. "Mama, nani kafa?"

"Mbuzi wangu wanne. Leo ni matanga yao."

"Matanga ya mbuzi? Wewe mwanamke umeota?"

Mbeleje akamgeukia Mzee Masinga. "Baba, wewe ndiye unayeijua desturi. Inasema matanga ya nani?"

Masinga akaifikiri desturi toka mwanzo mpaka mwisho, midomo inacheza. Akasema, "Inasema matanga. Haikusema ya nani."

"Basi mimi nimefiwa. Kamba hizi nataka nizizike, maana ndicho nilichobakiziwa. Mtani yuko wapi aje achimbe?"

Watu wakatazamana. Halafu Mama Semwali, aliyeanza kuelewa, akapanda juu ya kinu akaita kuelekea vichakani: "Mtaniii! Tumefiwa! Njoo uchimbe!" Kijiji kizima kikaita. Mbweha walikuwa wamekaa pale kwenye kilima, watatu, wanatazama. Mmoja akajikuna sikio. Mwingine akapiga mwayo.

"Mtani hakuja," akasema Mbeleje. "Baba, mtani asipokuja?"

"Mtani asipokuja," akasema Masinga, na sasa hata yeye alikuwa anaona utamu wake, "kazi yake anaifanya aliyemleta."

Macho yote yakamgeukia nani?

Ndahani!

Akapewa jembe. Kiangazi, udongo mgumu, tumbo linamtangulia. Akachimba shimo la kamba ya kwanza, la pili, la tatu, la nne. Katikati anatumwa maji, anarudi anapewa ufagio. Na kwa kuwa anasimama mahali pa mtani, kutaniwa ni haki yake. "Ndahani, chimba kwa heshima, marehemu alikuwa na pembe!" "Ndahani, shimo lako limepinda kama maelezo yako!" Alitoa jasho mpaka kivuli chake kililowa. Alipoitupa kamba ya nne na kufukia, akajiegemeza kwenye jembe, akasema, "Nimemaliza."

Mama Semwali akasogea na manyoya ya jogoo kwenye ungo. "Mzee, na mimi nimefiwa."

Nyuma yake kina Makali na manyoya ya bata. Nyuma yao jirani na kwato ndogo. Na nyuma yao mstari wa wanawake umezunguka nyumba, kila mmoja na marehemu wake.

Ndahani angeweza kufuta pale pale. Matanga hayo, wazee hao. Kila mtu alingoja afungue mdomo. Yeye akafunga mdomo, akashika jembe, akaanza shimo la jogoo. Kiburi jamani! Mtu yuko tayari kuzika kijiji kizima cha kuku kuliko kusema nilikosea.

Wakati huo Madoa alikuwa amefungwa kwenye mti kando ya nyumba, na uchungu wa kuzaa umemshika. Mbweha wakaona watu wote wako kwenye manyoya. Wakashuka kilimani. Mbeleje aliposikia mlio wa Madoa alikimbia akamkuta mbweha mmoja kashika mguu wa nyuma, wawili wanazunguka. Akamkumbatia mbuzi wake shingoni. Watu wakaja wakasimama, mikono inawawasha, hakuna wa kuinua fimbo. Mtani.

"Mzee!" akapiga kelele Mbeleje. "Sema! Nakuomba, sema!"

Ndahani alikuwa ndani ya shimo, usawa wa kifua, na pale aliona kila kitu. Mchezo wote wa mchana ule ulikuwa umemtoka yule mama. Alikuwa analia kweli sasa, kilio kidogo kisicho na sauti, na anavuta mbuzi upande huu na mbweha anavuta upande ule. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza Ndahani aliona mzaha wake umemfikia nani.

Akafungua mdomo. "Mimi Ndahani, mbele ya wazee, nikiwa shimoni, nafuta! Si mtani! Ni mwizi, na alikuwa mwizi toka siku ile! Nilisema upumbavu, nikaona haya kuurudisha!" Na jembe likaruka.

Ee, wajukuu zangu! Kijiji kilikuwa kimejizuia mwaka mzima. Fimbo ziliruka, mitwangio iliruka, vigoda viliruka. Mama Semwali alirusha ungo na manyoya yake. Mbwa walikata kamba. Mzee Masinga alijipiga mwenyewe gotini na hakujali. Mbweha hawakuelewa kabisa. Jana walikuwa ndugu! Walikimbia wakipita vichaka, wakipita kilima, na hawakugeuka nyuma.

Kesho yake Mhandu wakakata miiba, wakazungushia kila zizi, la mjane kwanza. Mbuzi wa wote wakachungwa pamoja kwa zamu, na mbwa wakalala bila kamba. Mbweha wachache walirudi kuchungulia, kama kawaida yao, wakakutana na kawaida yetu.

Na Madoa? Alizaa jioni ile ile, mapacha, jike na dume. Mbeleje hakwenda popote. Siku ya nne Ndahani alikuja uani kwake, mikono imejaa malengelenge, anavuta mbuzi jike wanne wa zizi lake mwenyewe. Hakutoa hotuba. Alisimama tu, akasema, "Mama, nimekuja." Mbeleje akawapokea, akampa maziwa.

Lakini msidhani alimwachia hivi hivi. Lile dume la Madoa lilikua likawa beberu lenye tumbo na kelele, na Mbeleje akalipa jina la Ndahani. Kila asubuhi kijiji kikisikia: "Ndahani, toka kwenye mboga! Ndahani, huoni haya, mzee mzima?" Wageni wakamwuliza mkuu, mbona unavumilia? Yeye akitabasamu anasema, "Nifanyeje? Yule ndiye mtani wangu." Na miaka mingi baadaye, Mbeleje alipofariki, kabla kilio hakijafika mwisho wa kijiji, kizee kimoja kinene kilikuwa kimeshafika uani na jembe begani, kinawachekesha watu, na machozi yanakitiririka.

Basi shikeni hili: ukitaka kuwa mkarimu, kuwa mkarimu kwa kuku wako. Na ukikosea mbele ya watu, futa mapema, kabla hujawa shimoni.

Kisa changu kimetembea mpaka kimechoka, kimelala hapa. Atakayekiamsha akibebe mgongoni.