Kitambaa Cheupe cha Bibi Rumaitha

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja mdogo, kwenye njia ya mahujaji, alikuwapo mama mchamungu aitwaye Bibi Rumaitha binti Sabiti, Mola amrehemu. Yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa birika la maji ya mvua ambalo nyanya yake aliliweka wakfu kwa wasafiri. Visima vya mji ule vilikuwa vya chumvi, hivyo riziki ya wote ilitegemea birika hilo: msafara ukisimama kunywa, hununua pia mikate na mbuzi. Juu ya birika palikuwa na mlingoti, na kitambaa cheupe kikipepea hapo, mahujaji walijua tangu mbali kwamba maji ni salama.

Asubuhi moja ya msimu wa hija, mikate imo tanuruni na vumbi la msafara limekwisha kuonekana, Bibi Rumaitha aliteka maji atawadhe kwa sala ya dhuha. Akasikia harufu asiyoijua. Hakumuuliza mtu, alikwenda moja kwa moja mlingotini akakishusha kitambaa.

Liwali Mundhir, mkuu wa mji, akaja mwenyewe, hasira zimempanda.

"Bibi, maji yameharibika?"

"Sijui, Liwali."

"Kama hujui, kipandishe. Utawatangazia ukishajua."

"Wakati huo watakuwa wameshakunywa," akajibu kwa upole. "Hawa wananiamini. Wana haki ya kuambiwa hata kwamba sijui."

Kisha akatoka, akasimama juani kando ya njia, akimwambia kila aliyefika: "Maji yamebadilika harufu, na sababu sijaipata. Msinywe." Wengine walimshukuru, wengine walimtukana, na msafara wote ukapita na viriba vyake vilivyokaribia kukauka. Mikate ikabaki, ikaliwa na wenyewe kwa huzuni.

Birika likakaushwa. Ndani mkakutwa nini? Majani yaliyoozea kwenye mfereji, basi. Yasingemdhuru hata mtoto. Mji mzima ukamcheka, na mwoka mikate akamwambia, "Mama, umetufukuzia wageni wa Mwenyezi Mungu kwa ajili ya majani?"

"Alhamdulillahi kwamba yalikuwa majani," akasema, akaendelea kufagia.

Lakini Liwali hakucheka. Alimwapia mbele ya watu kwamba msafara usiposimama mwaka ujao, atampokonya ufunguo wa birika la nyanya yake. Bibi Rumaitha aliumia sana, kwa maana ufunguo ule alikuwa amekabidhiwa na nyanya yake kitandani mwa mauti. Hata hivyo alisubiri, na malalamiko yake akayapeleka kwenye sijida tu.

Mwaka ukapita. Mvua ikajaza birika, kitambaa kikapepea, na siku ya msafara watu wakajaa langoni wakikodoa macho. Msafara ukaja, ukasimama. Mahujaji wakashuka, wakanywa hapo hapo kwa viganja vyao, na wanyama wakanyweshwa baadaye.

Liwali akastaajabu. Akamuuliza kiongozi wa msafara, Ghalibu wa Hadhramauti, "Hamkuogopa, baada ya yale ya mwaka jana?"

"Liwali," akasema Ghalibu, "kila mji mwingine wa njia hii una kitambaa chake, na hatujapata kukiona kimeshushwa. Huko tunawanywesha punda kwanza, tukangoja. Hapa tunakunywa sisi kwanza."

Liwali akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo, inasemekana, kila alipopata habari iwagusayo watu, hata nusu yake, aliitangaza kabla hajala.

Nami kila nikikisimulia kisa hiki kifua hunijaa fahari, kwamba miongoni mwa waja wema alikuwamo mama kama huyu. Ewe uliyekabidhiwa jambo la watu, jiulize leo: wanaokuja kwako wanakunywa, au wanatanguliza punda?