Baba wa Watoto Wanne

Kengele iligonga mara moja. Dong! Kisha kimya.

Wapendwa, kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, mzee wa kanisa, mtu wa huku kwetu nyanda za juu, aliyesafiri mpaka Guangzhou kwa Wachina kununua vitenge. Alilala hotelini, juu ghorofani. Dirisha lake lilitazama uchochoro, na ng'ambo ya uchochoro kulikuwa na hekalu la zamani, la vigae vya kijani, pembe za paa zimepinda kwenda juu. Sauti ilitoka huko. Alfajiri ilikuwa bado, na mzee hakupata usingizi tena.

Kwa nini? Kengele si kitu kigeni kwake. Nyumbani ni yeye anayetunza funguo za mnara wa kanisa. Sikilizeni basi kilichomtisha.

Dakika chache kabla ya kengele ile, simu yake ilileta ujumbe wa sauti kutoka kwa mkewe. "Baba Lusajo, nisamehe kukusumbua safarini. Yule amelazwa. Kesho asubuhi wanampasua tumbo. Daktari hakutuficha, anasema tuombe sana."

Mzee alisikiliza, akaandika maneno mawili: "Yule nani?" Akatuma. Na kengele ikagonga.

Alijua ni nani! Alikuwa binti yake, kifungua mimba wake. Miaka tisa nyuma binti huyo aliolewa na mwanamume ambaye baba hakumtaka, na baba akasimama sebuleni akasema, "Nisilisikie tena jina lake ndani ya nyumba hii." Na mnajua sisi tunavyoitana. Mwanamke akizaa mtoto wa kwanza, jina la mtoto linakuwa jina la mama, analibeba mpaka kaburini. Mzee akaamuru hata hilo libadilishwe. Mkewe akaanza kuitwa kwa jina la mtoto wa pili, Mama Lusajo. Jirani akisahau akaita la zamani, mzee anamkatiza: "Hapa hayupo mtu wa jina hilo." Mama wa watu akazoea. Akaitwa hivyo kwenye vikoba vya kuweka akiba, akaitwa hivyo msibani, akaitwa hivyo siku ya kumkabidhi zawadi mbele ya kanisa zima. Akaitika. Je, kuna aliyemtazama usoni alipokuwa anaitika?

Ilipofika mchana alikuja mkalimani wake, dada wa Kitanga aliyekaa Uchina miaka mingi na mwenye ulimi mwepesi.

"Mzigo wako haupakiwi leo," akasema. "Twende nikakutembeze hekaluni, watalii wote wanapita pale. Au unaogopa?"

"Niogope nini? Niogope mti uliochongwa?"

"Haya, twende. Ukirudi kwenu uwe na la kusimulia zaidi ya bei za vitenge."

Wakavuka uchochoro. Langoni walisimama walinzi wawili wa mbao, warefu kuliko mlango, nyuso nyekundu, macho yametoka. Mzee akayakwepa macho yale, akataka kuingia kama anavyoingia dukani kwake.

"Nyanyua mguu, Baba Lusajo! Kizingiti cha hapa hakikanyagwi, kinavukwa. Utatufukuzisha!"

Akakivuka. Akacheka, lakini viganja vilikuwa vimelowa jasho.

Ndani kulikuwa na giza la moshi. Watu waliinama na vijiti vya udi mikononi, kimya, kila mtu na lake. Mbele kabisa, nyuma ya mishumaa, aliketi mungu wao, amepakwa dhahabu. Mzee akatoa simu.

"Nirekodi. Nataka kuwatumia wazee wenzangu kwenye kundi."

"Polepole basi, watu wanasali."

Akasimama pembeni ya sanamu, akanong'ona kwa sauti ya mahubiri: "Ndugu zangu, mnamwona? Mdomo anao, umepakwa rangi nzuri. Lakini hausemi. Hata wanawe hawezi kuwaita kwa majina." Kisha akamgeukia mkalimani. "Umeipata?"

"Nimeipata. Umetoka kama askofu."

Mzee akacheka tena, akachukua simu yake. Akainua macho kutazama darini, na kicheko kikakatika.

Juu ya kichwa chake paliningʼinia udi uliosokotwa. Mnaijua ile dawa ya mbu ya kijani, inayozunguka kama konokono? Ndiyo umbo lake, ila kila mmoja mpana kama ungo, umejaa dari nzima, ukiungua taratibu siku nenda rudi. Na chini ya kila mmoja kulikuwa na karatasi nyekundu yenye maandishi, ikitikisika bila upepo anaousikia yeye.

"Zile karatasi ni za nini?"

"Majina," mkalimani akasema. "Mtu anakuja na jina la anayemwombea. Analitamka kwa sauti, linaandikwa, linatundikwa. Udi ukiisha, anarudi na jina lile lile, anatundika mwingine."

Karibu yao bibi mmoja mfupi, mwenye fimbo ndefu yenye ndoano, alikuwa anahangaika kutundika wake. Hafiki. Alipomwona mzee jinsi alivyo mrefu, akamnyooshea fimbo huku akitabasamu, akasema maneno.

"Anataka umsaidie kutundika," mkalimani akasema.

"Mimi? Siwezi kushika vitu hivyo. Mwambie mimi ni mtu wa kanisa."

Akaelezwa. Bibi hakukasirika. Akajivuta juu ya vidole vyake vya miguu, akainua fimbo kwa mikono inayotetemeka, na alipokuwa anainua akaita jina, kwa sauti, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Ndoano ikashika. Akapumua. Akamgeukia mzee, akauliza jambo, kwa upole kabisa, kama wanavyosalimiana wazazi popote duniani.

"Anasema yule ni mwanawe wa kwanza, hawajaonana siku nyingi. Anakuuliza, wewe una watoto wangapi?"

Wapendwa, mngejibu nini? Mkewe alizaa mara tano. Watano walibatizwa. Watano walinyonya.

"Wanne," mzee akasema.

Na hapo hapo kitu cha moto kikamwangukia juu ya mkono.

Akaruka. Akatazama, ni majivu, kipande kirefu kama kidole, bado chekundu ndani. Akakipangusa kama anayepangusa nge. Akaitazama sanamu, na sanamu ikamtazama. Akaona karatasi zote nyekundu zinamgeukia. Akakumbuka kengele ya alfajiri, na ujumbe aliotuma, na chumba cha upasuaji kinachomsubiri mtu ambaye ametoka kumfuta sasa hivi kwa neno moja. Akatoka mbio. Kizingiti hakukivuka, alikikanyaga, akajikwaa, akaanguka kwa magoti uani, mbele ya watalii wenye kamera.

Mkalimani akamkimbilia. "Baba Lusajo! Vipi tena? Bibi wa watu amekufanya nini?"

"Kile kitu kimenisikia!" Mzee akauonyesha mkono. "Nimesema uongo, kikanisikia!"

"Mzee wangu, udi ukiungua unadondosha majivu. Umesimama chini yake, ulitegemea nini?"

Sasa nisikilizeni. Sikusimama hapa kuwasema watu wa hekalu lile. Wana Mungu wa kuwahukumu, sawasawa na sisi. Na yule dada alisema kweli. Sanamu haikusikia kitu. Mbao haina sikio. Kilichomkimbiza mzee ni nini basi? Alikuwa ameingia mle kumcheka asiyeweza kuwaita wanawe kwa majina, na mle ndani alikuwepo mmoja tu wa namna hiyo. Hakuwa yule wa dhahabu. Alikuwa amevaa suti, ana simu mkononi, na wanawe wanamwita baba.

Na sisi je? Tunatoka jasho tukipita mbele ya masanamu ya watu, tunaogopa uchawi, tunaogopa mizimu, tunaogopa bundi juu ya bati. Nani kati yetu anaogopa kiti kilicho wazi mezani kwake? Kila nyumba hapa ina "yule". Ina "huyo mtu". Ina "mtoto wa mama yake". Tunapiga magoti jioni tunasema, "Bwana, walinde watoto wetu wote," tukijua ndani ya neno hilo "wote" tumemwacha mmoja nje ya mlango, na mvua inanyesha. Mungu akituuliza tunao wangapi, tutajibu wanne? Tutamjibu hivyo Yeye aliyekuwepo chumba cha uzazi akimsikia wa kwanza akilia?

Ogopeni, wapendwa. Mimi sikuja kuwaondolea hofu leo. Iko hofu inayomkimbiza mtu kutoka hekaluni na kumwacha vile vile. Na iko hofu inayomrudisha nyumbani. Ombeni mpewe hiyo, na mpewe kabla ya saa ya daktari.

Maana mzee yule alibaki amepiga magoti kwenye mawe ya ua ule, na kule kwetu ilikuwa bado asubuhi. Akatoa simu. Akampigia mkewe. Ikaita muda mrefu. Mkewe akapokea, na nyuma ya sauti yake kulisikika magurudumu ya kitanda cha hospitali kikisukumwa.

"Baba Lusajo," akasema kwa sauti ya chini, "ndiyo wanampeleka sasa. Niko naye, nimemshika mkono. Kama unataka kugomba, nakuomba ungoje."

"Wasimamishe kidogo. Weka sauti ya nje, asikie."

"Asikie nini?"

Mzee akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alama ya majivu ilikuwa bado inamchoma mkononi. Akafungua tena.

"Mama," akasema, na mkewe akangoja lile jina alilozoeshwa kuitika.

"Mama Atupele."