Vyuma vya Aisia na Nafasi Moja ya Jumamosi

Sogeeni karibu, na kila mmoja aje na mizani yake, kwa maana hadithi hii haiombi makofi. Inaomba hukumu.

Palikuwa na wanawake watatu katika klabu ya gofu iliyo chini ya mlima, mahali ambapo mibuni inapakana na majani yaliyokatwa. Ndeshi alikuwa na kipaji cha kutilia shaka: ukimwambia kumekucha, atafungua dirisha kwanza. Foibe alikuwa na kipaji cha macho: kitu kilichotazamwa na watu wote, yeye alikiona. Manka alikuwa na kipaji kilicho adimu kuliko hivyo viwili: alichokishika, aliweza kukiachia.

Rafiki yao wa nne, Aisia, daktari wa mifugo, hakuwa na kipaji cha ajabu. Alikuwa na hamu. Alitaka kucheza Jumamosi asubuhi.

Msicheke, kwanza wekeni mizani yenu sawa. Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado chini na upepo wa mlima haujaamka, uwanja ule ulikuwa wa wanaume. Kanuni haikusema hivyo. Kanuni zina adabu. Ilisema tu kwamba saa hizo ni za wachezaji ambao handikapu yao, yaani mapigo ya msamaha wanayopewa, machache kwa aliye hodari, imeshuka chini ya kumi na nane. Hakuna mwanamke aliyewahi kufika huko. Wanawake walicheza alasiri, katika upepo na manyunyu, na wanaume walipowatazama kutoka barazani walihitimisha kwamba mwanamke hana mkono wa gofu.

Klabu ilikuwa pia na desturi ambayo haikuandikwa popote. Mwanamume akinunua fimbo mpya za chuma, zile za zamani zilishuka kwa mkewe, au dada yake, au binti yake, kama shati la kaka linavyoshuka kwa mdogo wake. Vyuma vya Aisia vilikuwa vya kaka yake, mtu mrefu kama mlingoti wa bendera. Kwa vyuma hivyo handikapu yake ilishuka, ikashuka, kisha ikagoma. Kila pigo la mbali liliangukia kulia.

"Ni mkono, Daktari," alisema nahodha wa klabu, Bwana Eliufoo, mume wa Foibe. "Mungu hakuugawa sawasawa."

Aliyejibu alikuwa Ndeshi, tena hakumjibu nahodha, alimjibu Aisia walipokuwa wakivua viatu.

"Nani kasema ni mkono?"

"Wote wanasema."

"Wote hawajawahi kuapishwa. Nitazame mimi: mfupi, mnene. Mtazame Foibe, mwembamba. Manka ana mabega ya mbeba ndizi. Wewe unavuta ng'ombe kutwa. Maumbo manne, na mipira yetu yote inaangukia kulia. Mashahidi wanne wasiofanana wakitoa ushahidi ule ule neno kwa neno, huulizi kama wanasema kweli. Unauliza nani aliyewafundisha." Akaupiga teke mfuko wa fimbo. "Sote tunalima na jembe lenye mpini wa mwanamume. Usiulaumu mkono kabla hujaupima mpini."

Basi Aisia akaamua kufanya jambo ambalo mwanamke wa klabu ile hakuwahi kulifanya. Atachagua vyuma vyake mwenyewe.

Siku hiyo barazani palichangamka. "Mwache anunue," alisema mmoja. "Akishindwa, angalau tutajua kosa si la kaka yake."

Foibe alimsindikiza Aisia hadi dukani Arusha. Muuzaji, kijana mwenye maneno laini, alimtolea kwanza seti ya vyuma vyembamba vinavyong'aa kama kisu cha harusi. "Hizi ni za mabingwa, dada. Ukizishika tu hata mwili unajipanga." Kisha akatoa seti ya rangi ya waridi, nyepesi. "Na hizi za akina mama." Seti ya tatu, yenye migongo minene na sura isiyovutia, ilikuwa imesimama kwenye kona, wala hakuigusa.

Foibe akaomba unga wa chaki. Akapaka uso wa kila chuma, akamwambia Aisia apige mipira kwenye uwanja wa majaribio. Kwa vyuma vyembamba, pigo moja liliruka likapasua hewa hadi Aisia akashika kifua.

"Hizi! Foibe, hizi!"

"Umependa pigo moja," Foibe alisema. "Hayo mengine utampa nani?" Akamwonyesha alama kwenye chaki: moja katikati, nyingine zimetapakaa pembeni kama kuku waliofukuzwa, na kila iliyokuwa pembeni mpira wake ulikufa njiani. Vile vya waridi viliinua mpira juu kama mtu anayepeta makapi, upepo ukaubeba. Vile vinene, hata alama ilipokaa pembeni, mpira ulifika karibu pale pale.

"Lakini havina sura," alinung'unika Aisia.

"Chuma kinachosifu pigo lako zuri ni mchumba. Kinachokusitiri pigo lako baya ni mume. Mimi nimeolewa na nahodha, najua tofauti."

Wakavichukua vinene. Vichwa, yaani vile vyuma vinavyogusa mpira, vilikuwa sahihi, lakini mipini ilikuwa ya chuma kizito na kigumu, na duka halikuwa na mingine. Kuagiza kungechukua muda hadi shindano la mwisho la msimu lipite. Na baada ya shindano hilo, handikapu zilifungwa hadi mwaka mwingine. Aisia akajaribu mipini ile mizito uwanjani. Mkono ulichelewa, mpira ukarudi kulia. Nahodha akatabasamu barazani, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko maneno.

Manka alikuwa mjane. Vyuma vyake vilikuwa vya marehemu mumewe, ambaye miaka yake ya mwisho mifupa ilimuuma, akavifunga mipini myepesi, laini, ya kumsaidia, ila vichwa vilibaki vyembamba, ndiyo maana mipira ya Manka nayo iliangukia kulia. Manka alivibeba vyuma hivyo hadi kwa fundi wa klabu, akamwambia avipashe moto, aing'oe ile mipini, na kuifunga kwenye vichwa vya Aisia. Maana yake ni kwamba yeye mwenyewe hatacheza tena msimu ule.

Wifi yake akaja juu. "Unavunja fimbo za marehemu, Manka? Huna haya?"

"Marehemu hana zamu Jumamosi, wifi. Aisia anaitafuta."

"Na wewe utabaki na nini cha kumkumbukia?"

"Vichwa," alisema Manka. "Hata wakati wake, vichwa ndivyo alivyovipenda. Mipini ilikuwa ya maumivu."

Ikafika siku ya shindano. Aisia alicheza kama mtu anayebishana kwa utulivu, hoja kwa hoja. Alipofika shimo la mwisho, hesabu yake ilikuwa imebana: mpira ukivuka mfereji wa maji unaokata uwanja, amefika, ukitumbukia, amebaki alasiri. Akavuta pumzi, akapiga.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kesi yote imo katika pigo hili. Lilikuwa pigo baya. Aliuhisi mtetemo kiganjani. Uso wa chuma uligusa mpira pembeni kabisa. Lakini mpini ulikuwa mwepesi, kwa hiyo kasi ilitosha. Mgongo ulikuwa mnene, kwa hiyo kosa lilisamehewa. Navyo vyuma vyenyewe vilikuwa mikononi mwake kwa sababu mtu fulani alikuwa amekataa kuamini kwamba tatizo ni mkono. Mpira uliruka kwa shida, ukavuka mfereji, ukasimama kwenye majani ng'ambo, umelowa manyunyu na u salama.

Handikapu yake ikasomwa: kumi na saba.

Bwana Eliufoo alimpa mkono mbele ya watu wote, kwa heshima, kisha akakumbusha kanuni. Anayeingia Jumamosi huja na mwenza mmoja, mwanachama yeyote amtakaye, na mwenza huyo hubaki kuwa wake wa kudumu. Asiyetaja mwenza kabla ya mchezo kuanza hupoteza nafasi yake mwenyewe. "Mmoja tu, Daktari," akaongeza kwa sauti ya chini. "Tuone kama wale watatu watakuwa marafiki zako mpaka Jumapili."

Hapo Aisia akaelewa kwamba mlango umefunguliwa kwa namna ya kuwagombanisha waliousukuma.

Jioni wakakutana nyumbani kwa Manka.

"Bila mimi usingeuliza swali," alisema Ndeshi. "Ungekuwa bado unaomba radhi kwa mkono wako."

"Bila mimi ungeuliza na kujibiwa uongo unaong'aa," alisema Foibe. "Na kumbuka, Ndeshi alitoa maneno tu. Mimi ndiye ninayerudi kulala nyumba moja na nahodha."

"Maneno tu? Maneno ndiyo yaliyokutoa hapa hadi Arusha!"

Manka alikuwa akimenya ndizi. "Mimi sidai," alisema. "Lakini asiyedai asihesabiwe kuwa hana haki. Ninyi mlitoa mlichobaki nacho. Ndeshi bado ana shaka yake, Foibe bado ana macho yake. Mimi mfuko wangu hauna hata mpini mmoja."

"Kutoa si ujuzi," Ndeshi alisema polepole.

"Na ujuzi si kutoa," alijibu Manka.

Aisia aliwasikiliza akaona kila hoja inaibomoa jirani yake bila yenyewe kusimama. Mwanzo wa jambo si lazima uwe sababu yake. Anayechagua vizuri huchagua kwa kuwa kuna aliyemtuma. Anayejinyima hustahili shukrani. Ila shukrani na ushindi si deni la aina moja. Akiondoa mmoja wao, yeyote, mpira unatumbukia. Akataka hata kuiacha nafasi yenyewe. Lakini kuiacha kungekuwa kumpa nahodha kile ambacho uwanja ulikuwa umemnyima.

Jumamosi kulipopambazuka, wanawake wote wanne walisimama pale mchezo unapoanzia, mmoja akiwa na mfuko wenye vichwa visivyo na mipini. Wanaume walikuwa barazani, vikombe mkononi. Bwana Eliufoo akatazama saa yake.

"Jina, Daktari."

Aisia akauweka mpira chini. "Kanuni inasema kabla ya mchezo kuanza. Mchezo huanza mpira wa kwanza unapotua. Nimesoma."

"Jina!"

"Utalipata mpira ungali hewani," alisema, akainua chuma chake kile kinene kisicho na sura, akapiga.

Mpira umepanda. Ndeshi anautazama akiwa na shaka, Foibe ameshaona utakapoangukia, Manka amefumba macho. Nahodha amegeuza sikio. Mimi naishia hapa, maana ulimi wa Aisia umeshafunguka na jina moja lazima litoke. Basi ninyi mlioniazima masikio, mpira haukai hewani milele: aliyeuliza, aliyechagua, na aliyejinyima, nani atembee pembeni yake Jumamosi zote zijazo? Lisemeni jina hilo sasa, pamoja na hoja yake, kisha geukeni muwatazame usoni wale wawili mliowaacha.