Amri Tatu za Kumtunza Bibi Mwanamize

Hapo zamani, katika mji wa Kiungamwe, palikuwa na sultani jina lake Sefudini, na sultani huyo alimpenda mama yake kupita kiasi. Nasema kupita kiasi, na mtaona wenyewe. Mama yake, Bibi Mwanamize, alikuwa na umri wa miaka themanini na ushei, binti wa msusi wa mikeka, na hata baada ya kuolewa jumbani hakuacha kusuka ukili wake, ule utepe wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka, kila alasiri pamoja na wenziwe, huku wakiwasengenya watu wote wa mji bila kubagua mkubwa wala mdogo. Alikuwa hajambo kabisa.

Basi siku moja Bibi akajikwaa kizingitini, akaanguka, akachubuka goti. Goti likapona siku ya nne, lakini Sultani hakupona. Akawa hali wala halali, kila mara asema, "Mama ataanguka tena," mpaka akamwita Waziri Jabu na karani wake, akatoa amri tatu, zikaandikwa kwa wino mweusi. Ya kwanza, mkono wa Bibi usiguse kazi ya namna yoyote. Ya pili, Bibi asitoke chumbani mwake, wala asiingie humo mtu asiye mtumishi, hao marafiki zake wasije wakamchosha kwa maneno. Ya tatu, kila jambo Bibi atafanyiwa.

Wakawekwa watumishi kumi na tisa. Alikuwako wa kumshika mkono wa kuume na wa kumshika wa kushoto, wa kumlisha, wa kumfuta mdomo akisha kulishwa, na alikuwako mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kumwambia Bibi kwamba amechoka. Huyo alikuwa hodari sana, hakukosea hata siku moja.

Ikawa mwezi wa kwanza Bibi akagombana nao. Mwezi wa pili akanyamaza. Mwezi wa tatu akageukia ukutani akafunga mdomo, kijiko kikija hakipiti ila cha maji na maziwa. Waganga wakaitwa. Mmoja akasema ni pepo, mwingine akasema ni baridi ya mifupa, na wa tatu akasema ni uzee, naye akalipwa zaidi kwa kuwa hilo hapana aliyeweza kulipinga. Bibi akazidi kukonda, na kila mtu jumbani akajua kwamba mama wa Sultani yuafa, ila hapana aliyethubutu kulisema.

Sasa, katika mji huo alikuwako fukara mmoja aitwaye Vuai, mwanamume wa makamo, ambaye marehemu mama yake alimfundisha kusuka mikeka. Watu wakimcheka, maana kusuka ni kazi ya wanawake, naye akiwajibu kwamba tumbo lake halijawahi kumuuliza swali hilo. Mikeka yake ilikuwa mizuri kuliko yote sokoni, na kanzu yake ilikuwa mbaya kuliko zote.

Siku hiyo Vuai ameketi barazani kwa muuza kahawa, watu wanauliza Bibi anaumwa nini. Vuai akasema, "Haumwi kitu. Amezikwa hai, ila wamemwekea mto." Alaa! Kahawa haijapoa, maneno yamekwisha kufika jumbani, na Vuai amefika nyuma yake, askari wawili wamemshika makwapa.

Sultani akamwambia, "Wewe ndiwe uliyesema kwamba nimemzika mama yangu?"

Vuai akajibu, "Maulana, ndimi. Nalitaka kusema na zaidi, ila askari wako wana haraka."

Sultani akaghadhibika, akasema, "Basi kama nimemzika, mfukue wewe. Nakupa siku saba. Katika siku hizo, sinia la chakula cha mama yangu lirudi jikoni tupu kila siku, na amri zangu tatu zisivunjwe hata moja. Ukishindwa, kaburi lako litachimbwa nyuma ya jumba hili, nawe utaingia humo ungali unapumua, upate kulijua vyema hilo unalolisema. Karani, andika."

Karani akaandika. Waziri Jabu, ambaye alikuwa mtu wa kutabasamu pasipo furaha, akatabasamu. Vuai akaandikishwa mtumishi wa ishirini, maana pasipo hivyo asingeweza kuingia chumbani, akapita na tita lake la miyaa, yale majani ya kusukia, kwapani.

Humo akamkuta Bibi ameelekea ukutani, mdogo sana kitandani, na watumishi kumi na tisa wamesimama wakimtazama kisogo. Vuai akasema, "Shikamoo, Bibi." Hakujibiwa. Sinia likaletwa: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha na maembe. Wa kumlisha akapeleka kijiko, kikagonga mdomo uliofungwa, kikarudi. Basi Vuai akanawa mikono, akasogeza sinia, akala wali, akala samaki, akala na maembe, kisha akalituma sinia jikoni. Lilikuwa tupu kabisa, na watumishi hapana aliyethubutu kusema nani amelimaliza.

Sultani, ambaye kwa hofu hakuthubutu kuingia kumwona mama yake, aliposikia akasujudu akashukuru. Siku ya pili sinia likarudi tupu, na ya tatu vilevile, Sultani akachinja ng'ombe, akawalisha watu.

Vuai akisha kula huketi sakafuni kando ya kitanda akasuka ukili, tena akausuka vibaya kwa makusudi: aruka jani, akaza hapa, alegeza pale, ukili wapinda kushoto mithili ya mtu aliyelewa. Jambo hilo lilimtoa jasho, kwa sababu vidole vyake havikuzoea kukosea. Na kila akikosea husema kwa sauti, "Ah, mzuri huu!"

Siku ya tatu jioni, sauti ikatoka ukutani. "Umeruka jani."

Watumishi kumi na tisa wakashtuka. Vuai akajifanya hakusikia, akasema, "Mzuri sana huu."

"Umeruka jani, we mwana! Huna macho?"

Vuai akasema, "Bibi, hapa ndipo palipo pazuri kuliko pote." Bibi akaguna mguno mrefu.

Lakini siku ya nne Waziri Jabu alichungulia mlangoni, akaona jambo. Aliona kwamba Bibi yuazidi kukonda na kanzu ya Vuai yambana tumboni. Akaenda kunong'ona, na Vuai akaitwa.

Sultani akauliza, "Chakula cha mama yangu, nani amekila?"

"Mimi, Maulana."

"Wewe! Uliambiwa umfanyeje?"

"Niliambiwa sinia lirudi tupu. Karani na asome."

Karani akasoma, na ikawa ndivyo yalivyoandikwa. Waziri Jabu akasema, "Bwana, huyu anatuchezea shere." Sultani, ambaye uso wake ulikuwa umebadilika rangi kwa hasira na kwa hofu vilevile, akasema, "Andika tena. Siku ya saba, mama yangu ale mwenyewe kwa kinywa chake mbele ya macho yangu. Na kaburi lianze kuchimbwa leo." Kisha akasema polepole, "Ng'ombe nilichinja bure." Vuai akamwonea huruma, hilo nalisema bayana, maana aliona kwamba mtu huyu hakuwa mbaya, ila alikuwa mwoga wa kufiwa na mama.

Akarudi chumbani akaketi pale pale sakafuni. Dirishani ikasikika sauti ya majembe. Bibi akauliza, na sasa alikuwa amegeuza shingo kidogo, "Wanachimba nini?"

"Kaburi langu, Bibi. Siku ya saba nazikwa, kwa kuwa huli. Ndiyo maana nina haraka ya kuumaliza mkeka huu, nipate kuzikwa nao."

Bibi akatazama ule ukili. Akautazama mwanzo hata mwisho. "Uzikwe na hicho?" akasema. "Malaika wakija wakiona kitu hicho, watakuulizaje maswali? Watacheka. Lete hapa!"

Watumishi wote wakapiga kelele, "Amri! Amri!" Na yule mmoja akasema, "Bibi amechoka." Bibi akageuka kitandani mzima mzima, akamtazama, yule mtumishi akatafuta mlango. Kisha Bibi akaunyakua ukili mikononi mwa Vuai, akaanza kuufumua.

Ikawa hivyo siku ya tano na ya sita. Vuai asuka, Bibi afumua, amtukana, Vuai ajibu, Bibi amtukana zaidi. Asema, "Mama yako hakukufundisha adabu wala ukili!" Na Vuai asema, "Mama yangu alikuwa msusi mashuhuri, Bibi." Na Bibi asema, "Basi ulimchelewesha peponi kwa aibu." Siku ya sita alikwisha kushuka kitandani mwenyewe, ameketi sakafuni na miguu ameinyosha. Ila chakula alikuwa bado hajakigusa, na nyuma ya jumba shimo limekwisha kufika kiunoni mwa mchimbaji.

Siku ya saba, adhuhuri, Sultani akaingia pamoja na Waziri, karani, na wachimba kaburi wawili waliosimama mlangoni na majembe yao. Wakamkuta Bibi sakafuni, miyaa imemzunguka, vidole vinakwenda mbio.

Waziri Jabu akapaza sauti, "Amri ya kwanza imevunjwa! Mkono wa Bibi unafanya kazi!"

Vuai akasimama akasema, "Maulana, kazi ni jambo linaloacha kitu. Seremala akifanya kazi, patakuwa na mlango. Mpishi akifanya kazi, patakuwa na wali. Mimi tangu siku ya kwanza nimesuka ukili wa pima saba. Kama Bibi amefanya kazi, ukili umezidi. Waziri na aupime."

Waziri akainama, akatafuta mkekani, akatafuta chini ya kitanda, akatoka na vumbi kilembani. Ukili wote uliosalia ulikuwa shubiri moja, na hiyo moja Bibi alikuwa anaifumua.

"Hapana ukili, Bwana," akasema.

"Basi kazi iko wapi?" akauliza Vuai.

Waziri akamwashiria karani. Karani akatafuta katika daftari kama pana amri iliyokataza kufumua, hakuiona. Sultani akauma midomo asicheke, lakini akamtazama mama yake, na kicheko kikamwishia. Akasema, "Amri haikuvunjwa. Lakini bado hajala." Wachimba kaburi wakasogea hatua moja.

Yule wa kumlisha akaja na kijiko. Bibi akakisukuma kule. "Toa mkono wako. Mimi nina wangu." Kisha akamtazama mwanawe. "Sefu."

"Labeka, Mama."

"Umenipa mtu wa kunilisha, mtu wa kunivika, mtu wa kunikuna mgongo. Nilibakiwa na jambo moja tu la kufanya mwenyewe, nalo ni kufa. Basi nikasema, hili nitalifanya kwa mkono wangu kabla hujaliwekea mtumishi."

Sultani akapiga magoti pale penye miyaa, kilemba kikamwenda upande, akalia mbele ya watumishi wake wote bila kuona haya. Akasema, "Mama, naliogopa utaanguka."

"Nitaanguka," akasema Bibi. "Mimi ni mzee. Utaniinua. Sasa ondoa goti lako juu ya miyaa yangu, na leteni huo wali, nina njaa. Tangu alfajiri nafumua upuuzi wa mtu huyu. Na yeye akae hapa tule sinia moja, sikupata kula peke yangu mpaka nilipokuwa mama wa sultani."

Basi Sultani akamwambia karani azifute amri zote tatu, na Bibi akanawa, akakata tonge, akala. Akala la pili. Wachimba kaburi wakaweka majembe chini wakapanguza macho. Alipofika katikati ya sinia, Bibi akamwambia Vuai, "Nawe usidhani hukujulikana. Vidole vyako vina sugu ya ukili tangu ncha. Asiyejua kusuka hukosea kila mara namna mpya, wewe ulikosea kwa mpango."

"Bibi ulijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza, nilipokuchungulia kwa kificho. Ila nilikuwa sijagombana na mtu miezi miwili."

Sultani akacheka sasa kwa sauti mpaka akashika mbavu. Akampa Vuai nyumba, na kanzu mpya yenye nafasi ya kutosha tumboni. Shimo likafukiwa. Watumishi kumi na wanane wakapewa kazi nyingine, akabaki mmoja wa kumshika Bibi mkono penye vizingiti, kwa sababu goti ni goti, lakini akakatazwa kumwambia kwamba amechoka. Wenziwe Bibi wakarudishiwa alasiri zao. Na mpiga mbiu akazunguka mji mzima akitangaza kwamba kila nyumba yenye mzee imwachie mzee huyo kazi moja ya kweli, ambayo asipoifanya nyumba nzima itajua.

Bibi Mwanamize akachagua kupika chakula cha Ijumaa.

Ijumaa ya kwanza Sultani akatoka msikitini na njaa yake, akaketi, akangoja. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikakaribia. Kutoka jikoni zikasikika sauti za vikongwe watano wakimjadili mke wa kadhi. Waziri Jabu akainama, akasema, "Bwana, niwapeleke wapishi wakamsaidie Bibi?"

Sultani akasema, "Thubutu!" Waziri akarudi mahali pake, na wote wawili wakaendelea kungoja, matumbo yakiwanguruma.

Hatimaye wali ukaja, Bibi mwenyewe nyuma yake, moshi machoni. Sultani akaonja.

"Ehe?" akasema Bibi.

"Chumvi imezidi, Mama."

"Imezidi kweli. Zilikuwa hadithi, nikatia mara mbili." Akaketi, akamtazama anavyokula. Sultani akaumaliza wali wote, akaomba na ukoko.